Jinsi Mama Pacha Alivyoivunja Ngome ya Wastani

Jongeeni, enyi mliowahi kufungua bomba likawapulizia hewa. Isikieni habari ya vita vilivyopiganwa katika idara ya maji, baina ya Mama Pacha, simba jike wa kibodi, aliyejifunza Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, huku ananyonyesha wawili, na Wastani, nduli mwenye shati lililopigwa pasi.

Wastani alikuwa mstari mmoja wa mji mzima, ambao meneja aliuleta kila kikao cha wakazi: mji unapata maji saa kumi na mbili kwa siku. Bondeni yalitoka usiku na mchana, Mlimani hapakutoka tone. Ukichanganya, kila mtu ameoga.

Mama Pacha akaapa kuunda dashibodi, ukurasa wa grafu wenye menyu, mkazi achague mtaa wake mwenyewe. Na nyuma ya menyu akamsimika kolibaki, kipande cha msimbo, mtumishi ambaye mtaa ukichaguliwa huamka, hupiga hesabu, huleta grafu mpya.

Asubuhi ya kikao, akiwa ofisini, akachagua Mlimani. Kioo kikabaki cheupe.

“Wifi,” akasema wifi yake, mkazi wa Mlimani, dumu tupu mkononi, “na hiyo nayo wameikatia maji?”

“Subiri, wifi. Inafikiri.”

“Hata wakubwa zako wanafikiri tangu sijaolewa.”

Meneja akachungulia. “Injinia wa kujipachika, ukumbi umejaa. Dakika tano, la sivyo naonyesha mstari wangu.”

Shujaa akazama katika msimbo kama askari handakini. Mtumishi aliamka, naam. Akapokea mtaa, akahesabu, akachora grafu iliyopambika kama bibi harusi, kisha akailalia. Mama Pacha mwenyewe alisahau kumwamuru airudishe. Akacheka kwa uchungu, maana watumishi wa namna hiyo aliwajua pale idarani: walipokea malalamiko ya Mlimani miaka nenda rudi, wakayafungia kabatini.

“Wale sikuwaajiri mimi,” akakihutubia kioo. “Wewe utarudisha.”

Akaongeza amri ile, akachagua tena. Mstari ukatokea, umelala juu ya sifuri, mwezi mzima haujainua kichwa.

“Hilo ndilo bomba letu,” akasema wifi taratibu.

Mama Pacha akaikumbatia kompyuta, akampita meneja, akaimwaga grafu kwenye ukuta wa ukumbi. “Nani wa Mlimani? Njoo ubonyeze mwenyewe.”

Maji hayakutoka siku ile, wala ya pili yake. Lakini iandikwe, na asiifute mtu: siku hiyo sifuri ya Mlimani ilisimama peke yake mbele ya umma, na meneja, alipoulizwa, hakuwa na Bondeni ya kuichanganyia.