Tope Langu na Mashine ya Hoteli

Jumatatu, 21 Julai
Nimepata! Redioni mtaalamu amesema kuna nchi zinapiga tope la vyoo kwa mionzi. Vijidudu kwisha, mayai ya minyoo kwisha, mbolea tayari. Bila kungoja! Mimi, mnyonya tope la vyoo wa mtaa wa Kabeza, nina rundo la wiki sita tu. Jirani yangu Spès, wa kazi hiyo hiyo, ana la mwaka mzima, kalichanganya na maranda ya mbao. Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ushirika wa mboga utachagua mbolea ya nani itumike msimu ujao. Mwaka jana walimchagua yeye. Bado inaniuma.

Jumanne, 22 Julai
Mionzi nitaitoa wapi? Kumbe iko kila mlango wa Kigali! Huingii hotelini begi lako lisipopita kwenye mashine ya eksirei. Tena bure. Spès hajawahi kuwaza hili.

Jumatano, 23 Julai
Hoteli moja, mtaa wa Gisimenti. Kilo kumi za tope katika sanduku la harusi la mke wangu, Cécile. Mifuko ya plastiki ni marufuku hapa Rwanda, kwa hiyo nimefunga kwa mifuko ya karatasi. Mlinzi, Phiona, kauliza ni nini. Udongo wa maua wa mama mkwe, nikasema. Nimeingia mara nne. Kila mara nakunywa chai ili nionekane mteja. Tumbo limejaa!

Ijumaa, 25 Julai
Mara ya tano hadi ya nane, safi. Ya tisa, karatasi imelowa. Nyuma yangu kwenye mkanda, keki ya harusi ya orofa tatu. Ole wangu! Phiona kashika pua: “Mzee, hii udongo iko na harufu ya nini?” Nimesugua mkanda kwa sabuni hadi saa tisa alasiri. Lakini tisa ni tisa. Tope limeiva.

Jumamosi, 26 Julai
Tumezibua mitaro, kisha mkutano. Munyakazi, bwana shamba, kaja na hadubini. Tope la Spès: hakuna yai hai. Langu: yamejaa, yako hai, yana afya! Nikaeleza kuhusu hoteli. Watu wakacheka hadi wakaegemea majembe. Cécile hakucheka. Munyakazi akasema mashine ile ni ya kuonyesha vitu tu, dozi yake ni ndogo mno. Ya kuua mayai inatoka kwenye mtambo maalumu wenye kuta nene. Wamemchagua Spès. Naye kanipa maranda bure: “Kaka, changanya, funika, ngoja.” Kungoja! Nimeona aibu hadi masikioni.

Jumapili, 27 Julai
Nimefikiri misa nzima. Munyakazi alisema dozi ndogo. Hakusema njia mbaya! Uwanja wa ndege uko hapa karibu, na mashine zao zinameza masanduku makubwa makubwa. Cécile amelificha la kwake. Si neno. Nimeazima la Spès.