Mauzo Yamepanda, Karavani Imekwenda

Jumatatu, 12 Mei

Nimeuza karavani, ile nyumba yetu ya magurudumu ya kwendea likizo! Mke wangu Annegret yuko Bad Pyrmont kwenye tiba, anakandwa mgongo, hana habari. Atarudi Ijumaa. Hela yote nimeitia kwenye hisa za Flinko, wale wa roboti za kufagia. Hisa zikipanda, namnunulia karavani nyingine, yenye bafu ndani. Taarifa yao ya mwaka nimeisoma mwenyewe. Mauzo juu kwa asilimia arobaini! Faida mara mbili! Kurasa za nyuma nimeziruka, maandishi madogo mno.

Jumanne, 13 Mei

Jirani yangu Gernot kachungulia juu ya ua, kauliza karavani iko wapi. Nikasema kwa fundi. Akacheka kwa pua. Huyu ana hisa moja ya Flinko. Moja! Anaishikilia ili kila mwaka aende mkutano mkuu kula soseji za bure. Kaniambia hizo roboti zinauzwa nusu bei kila duka hapa Kassel, kwa hiyo kuuza nyingi si ajabu. "Sasa faida inatoka wapi, bwana mkubwa?" Wivu mtupu. Nikamjibu inatoka kwenye mauzo, itoke wapi tena?

Alhamisi, 15 Mei

Mkutano mkuu, Hannover. Nimepanda gari la Gernot, kubana matumizi. Anasema mwaka jana walikutana makao makuu, ghorofa ya juu. Leo ukumbi wa michezo wa kukodi, tumekaa chini ya goli la mpira wa kikapu. Nikamweleza kuwa kampuni imekua mpaka haienei tena kwenye jengo lake.

Gernot alikuja na vyombo vya plastiki vya kubebea chakula, kama wastaafu wote pale. Mezani supu ya dengu. Hakuna soseji! Akakitazama kibakuli chake, akaniambia kwa upole niuze hisa zangu leo leo. Upole wake ndio ulionitisha. Sikuuza.

Badala yake nikasimama kwenye maikrofoni, nikawapongeza wakurugenzi, nikauliza faida yote ile imetoka wapi. Nilitaka Gernot asikie. Mkurugenzi wa fedha akakohoa. Akasema wameuza jengo la makao makuu, sasa wamo humo kama wapangaji. Roboti zenyewe zinauzwa kwa hasara. Ukumbi ukalipuka. Mtu anauza nyumba yake ili aonekane ana hela! Watu gani hawa? Nikakaa. Nikakumbuka karavani. Supu ikanishinda.

Ijumaa, 16 Mei

Hisa zimeporomoka. Hela iliyobaki labda itanunua mlango wa karavani.

Annegret karudi, mgongo umenyooka, kaniletea biskuti. Kaenda moja kwa moja uani na mapazia mapya aliyoyashona huko kwenye tiba. Ya karavani. Akasimama nayo mkononi pale karavani ilipokuwa, majani yamegeuka manjano. Nikaeleza asilimia, mauzo, jengo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama birika la kahawa la marehemu mama yake nililitoa kwenye kabati la karavani kabla ya kuiuza. Sikulitoa. Najuta. 

Alhamisi, 29 Mei, Sikukuu ya Kupaa

Kila mwaka siku hii tuko ziwani Edersee, yeye na mimi. Leo kaenda na Gernot na mkewe, katika karavani yao. Mapazia kayachukua. Hakuniambia twende. Nimewapungia mkono mpaka wakakata kona. Nyumba kimya. Roboti yetu ya Flinko imekwama chini ya kochi, inalia, na sina hata moyo wa kuitoa. Nimemkosea sana mke wangu.

Lakini nimesoma habari za kampuni moja ya miswaki inayoongea na simu. Mauzo juu kwa asilimia sitini! Safari hii sikukurupuka. Nimepiga simu kwanza, nikauliza mkutano wao mkuu utakuwa na chakula gani. Soseji mbili kila mtu, na keki juu yake! Hiyo ndiyo faida ya kweli. Birika la mama mkwe nitalinunua tena, na karavani yake.

Baiskeli ya umeme ya Annegret ipo tu bandani, na mwenyewe harudi mpaka Jumapili.