Mshipa wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kagoma. Kagoma kabisa! Ijumaa anatolewa mtoto wa jicho, na daktari wa macho kasema bila majibu ya damu hagusi kisu. Mama naye kasema sindano haimwingii tena. Simlaumu. Wiki iliyopita mkwe mwenzangu, mume wa dada yake mke wangu, yule tunayemwita Mhasibu, alimpeleka kwenye hospitali yake ya vioo. Wakachoma, wakachokonoa, wakatoka kapa. Pamba hawakukandamiza. Damu ikavilia ndani, mkono ukawa kama bilinganya.

Hapo ndipo nikaona nafasi yangu! Mama hajamwona mjukuu wake, binti yangu, somo yake. Anamjua kwa vidole tu. Nikimfikisha hiyo Ijumaa, mkwe bora ni mimi. Mhasibu abaki na gari lake.

Mpango: nimwambie tunaenda kupimwa uzito.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umefia mlangoni mwa kituo cha afya. Mama kanusa spiriti, kageuka. Kaniuliza siku hizi uzito unapimwa kwa sindano? Nikasema ni mizani mipya. Hakucheka.

Mtoa damu ni mwanamke mwembamba, wanamwita Dada Kimya. Kampa shikamoo, kamwomba akae tu, hachomwi mtu bila ridhaa yake. Kamuuliza jina na mwaka wa kuzaliwa. Nikajibu mimi. Kasema anataka kusikia kwa mwenyewe. Haya!

Akamfunga mpira juu ya kiwiko, akaweka kidole, akatazama dari. Dari! Nikatazama na mimi. Buibui tu.

Mama kamuuliza anatafuta nini. Kasema, mshipa, mama, na huko chini macho hayafiki, vidole ndivyo vinavyomwambia.

Mama akamgeukia. Kisha akacheka! "Kumbe wewe ni mwenzangu. Haya, choma."

Dada Kimya akaufungua mpira, mkono upumzike. Akapaka spiriti, akangoja ikauke. Nikapuliza kumsaidia. Akapaka upya, akanihamishia dirishani.

Akafunga tena. Sindano ikaingia. Mama hata uso hakukunja. Damu ikaja yenyewe, imetulia, kama ilikuwa inangoja kuitwa. Jamani! Nilivua kofia. Nauza chaja barabarani, nimeona mengi, lakini sijawahi kuona mtu akibisha hodi kwenye mwili wa mwenzake na akafunguliwa.

Mpira akalegeza kwanza, ndipo akachomoa. Pamba, bonyeza, usikunje kiwiko. Kichupa akakipindua taratibu kama anabembeleza kichanga, akanipa nikipeleke maabara, ng'ambo ya ua. Kasema polepole.

Polepole ya nini? Dawa ya kikohozi imeandikwa tikisa! Nikatikisa mpaka povu. Nilitaka damu ya mama iwe imechanganyika kuliko zote pale dirishani pa maabara.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Damu imeharibika! Fundi wa maabara kasema chembe zimepasuka, yale maji ya juu yalitakiwa yawe kama chai ya rangi nyepesi, yeye kapata sharubati nyekundu. Kauliza nani katikisa. Nikasema uani kuna mashimo.

Iletwe nyingine kesho asubuhi. Ikikosekana, Ijumaa imekwenda, na foleni ya macho ni mpaka mwakani.

Mhasibu kafurahi, hakuficha. Kasema mama arudi hospitali ya vioo. Mama alikuwa amempakata mtoto, anampima pua kwa kidole gumba, anauliza hii pua ni ya nani. Nikatoka nje. Nikafuta macho. Vumbi, nadhani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia mama magoti. Kasema atakwenda, kwa mwenzake yule yule, mkono wa pili. Ila mkwe asishike kitu. Juzi alisikia choko choko choko toka mlangoni, akadhani nachanganya rangi ya ukuta.

Anasikia mpaka uani!

Mhasibu kaja kusimamia. Sindano ikaingia, damu ikaja, Mhasibu akaenda. Chini kama gunia! Nilimdaka kichwa. Dada Kimya hakuruka, hakugeuka. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Kasema kwa sauti ile ile alazwe, miguu juu, anakuja. Akamaliza, akabonyeza pamba, ndipo akaja. Kichupa kakipeleka mwenyewe. Mimi nilibeba viatu vya Mhasibu.

Majibu safi!

Jumamosi, 8 Juni

Jana kapasuliwa, leo bandeji imetoka. Nyumba nzima tumemzunguka. Mama kamtazama mtoto. Katazama weee. Kisha akafumba jicho, akamgusa pua kwa kidole gumba, akafumbua tena.

"Ndiyo yenyewe," kasema. "Sikukosea."

Mke wangu analia, Mhasibu analia, mimi nalia.

Halafu mama kanigeukia. Kauliza huyu mfupi ni nani. Kaambiwa ndiye mkwe. Kasema sauti yangu ilikuwa ndefu zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Wazo! Kutoa damu majumbani! Vidole ninavyo, dari ninayo. Nimekata mpira wa baiskeli, nimejifunga mwenyewe, mafundo mawili uwe imara. Natazama juu, natafuta mshipa. Kitambo sasa. Mshipa sijausikia. Vidole navyo sivisikii. Vimekuwa buluu, na fundo halifunguki. Ndiyo maana mwandiko huu umepinda, naandika kwa mkono wa kushoto.

Nimejificha nyuma ya pazia, sitaki kelele. Mama kakaa mbali kule na mjukuu wake, haoni kitu.

La! Anaona. Ananyanyuka. Kashika mkasi.