Kitabu Kilichoshikilia Friji

Jumatatu, 3 Februari

Balaa! Asubuhi Mkuu wa Idara ametuita ofisini kwake, mimi na Daktari Mpya, akatutangazia kwamba kitabu cha utangulizi wa saikolojia kinabadilishwa. Wanafunzi wamelalamika. Ati Kitabu Kinene tunachotumia hawakielewi. Hawakielewi! Mimi nimekifundisha tangu nilipokuwa na nywele, na sijawahi kuona haja ya kukielewa chote.

Utaratibu wenyewe ndio huu. Kila mmoja wetu alete kitabu anachokipendekeza, hata viwili akitaka. Kamati itavipima na Ijumaa itapiga kura. Atakayeleta kitabu kitakachoshinda ndiye atakayefundisha mwaka wa kwanza. Mwingine atahamia takwimu, kwenye kile chumba cha nyuma ya jenereta, kwa wanafunzi wanaoenea kwenye benchi moja.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mwaka wa kwanza ndio roho yangu. Ukumbi mzima, viti mpaka juu! Nikitoa ule mzaha wangu wa mgonjwa aliyesahau kwamba anasahau, watu wanavunjika mbavu. Nyumbani hakuna anayecheka. Na mihadhara yangu yote imetoka kwenye Kitabu Kinene, sura kwa sura, mzaha kwa mzaha. Kikiondoka hicho, nimekwisha.

Daktari Mpya tunamwita hivyo kwa sababu wino wa shahada yake ya udaktari haujakauka. Analeta kitabu chembamba, chenye picha, na maswali kila mwisho wa sura. Tulipokuwa tunatoka alinitakia kila la heri. Kwa adabu kabisa! Mtu mbaya sana yule.

Jumanne, 4 Februari

Nimeamka na akili nyingi. Kitabu Kinene kinasema, mahali fulani pale mwanzoni ninapopafahamu, kwamba mtu akisitasita kati ya vitu viwili, mletee cha tatu kinachofanana na kimojawapo lakini kibaya zaidi. Papo hapo kile kimoja kitang'ara. Hata wauza viatu wanaijua mbinu hii. Kwa hiyo ninachohitaji ni chambo: kitabu kinene kuliko Kitabu Kinene, kibaya kuliko vitabu vyote.

Na ninacho! Kiko jikoni. Mguu mmoja wa friji yetu ulikatika zamani, na tangu siku hiyo friji inaegemea kitabu cha saikolojia nilichozawadiwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu, nadhani kwa chuki. Nimekivuta. Kurasa za mwanzo hazipo, hata jina la mwandishi halijulikani. Sentensi ya kwanza inaanzia juu ya ukurasa na kuvuta pumzi ukurasa unaofuata. Sura nzima ya kumbukumbu imejalidiwa kichwa chini miguu juu. Katikati ya jalada pana alama ya mviringo, ya mguu wa friji. Uzuri ulioje!

Mama mkwe alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni, mkono uko chini ya friji. Akamwita binti yake na kumuuliza kama mumewe anaumwa au ndiyo tabia. Sasa friji imeinama na mlango haufungi vizuri. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hurudi kutoka kazini hoi, akauliza kwa hiyo maziwa yachache kwa sababu ya elimu? Nikamwambia naam, kwa sababu ya elimu. Akaenda kulala. Nimeshinda raundi ya kwanza.

Jumatano, 5 Februari

Leo kamati imekaa. Mkuu kwenye kiti chake cha kuzunguka, Mkutubi na shali yake, kiongozi wa wanafunzi (binti wa mwaka wa kwanza mwenye miwani na maswali), Daktari Mpya, na mimi. Nilikwenda na sahani ya biskuti, nikaiweka kando ya Kitabu Kinene. Sayansi hiyo! Mtu akila kitu kitamu mbele ya kitabu, utamu unahamia kwenye kitabu. Mkuu akaivuta sahani upande wake. Kitabu Kinene kikabaki pale peke yake.

Daktari Mpya akasimama, akasoma ukurasa mmoja wa kitabu chake, kila mtu akaelewa, akakaa. Ndiyo hivyo tu. Sijui watu wa siku hizi mvuto wa jukwaa wameupeleka wapi.

Zamu yangu. Nikaanza na chambo. Mpango ulikuwa nikisifu kidogo, kidogo tu, ili wasishtuke. Lakini walikuwa wananitazama! Binti wa miwani akaegemea mbele, na mimi nikitazamwa hivyo ulimi hunitoroka. Nikasema mwandishi huyu hamlishi msomaji kijiko kwa kijiko, anampa jembe. Sijui jembe lilitoka wapi. Nikasema ile sura iliyopinduliwa inamlazimisha msomaji naye apinduke. Nikapiga meza. Mkutubi akajifuta macho na ncha ya shali. Mkuu akaacha kutafuna.

Nilipofika kwenye Kitabu Kinene muda ulikuwa umekwisha. Nikasema hiki nacho ni kizuri.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Nilifunika maziwa kwa kitambaa chenye maji. Yamechacha vilevile.

Alhamisi, 6 Februari

Daktari Mpya alishauri vitabu vijaribiwe na wenyewe watakaovisoma. Nikakubali haraka. Nakala zilikuwa mojamoja, basi wanafunzi wakagawanywa makundi matatu, kila kundi na kitabu chake, kila kundi chumba chake. Sisi wanakamati tukapita nje ya milango kusikiliza. Mimi ndiye niliyechagua sura za kusomwa. Kwenye chambo niliwapa ile ya kumbukumbu, iliyopinduliwa, wakicheke hadi kife.

Kundi la kitabu chembamba walisoma, wakajibu maswali yote, wakatoka mapema kwenda kunywa chai. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kundi la Kitabu Kinene, kimya kabisa. Nikamnong'oneza Mkuu kwamba hiyo ndiyo tafakuri. Halafu mtu akakoroma.

Kundi la chambo walicheka, ndiyo. Dakika mbili hivi! Kisha wakagundua kwamba kitabu kikiwa mezani, waliokaa upande wa pili ndio wanaoweza kukisoma. Wakaanza kuwasomea wenzao kwa sauti. Wenzao wakasema haiwezekani imeandikwa hivyo. Wakazunguka meza kuhakikisha. Mahali fulani pameandikwa kwamba kukumbuka ni kusahau kwa mpangilio. Binti mmoja akasema huo ni uongo mtupu, yeye anakumbuka mambo asiyoyataka kabisa. Kijana mmoja akapanda juu ya kiti kumpinga. Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyetoka.

Mkuu akabandika sikio mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote hajawahi kusikia wanafunzi wa idara hii wakigombania saikolojia. Kawaida wanagombania viti.

Balaa tena! Chambo changu kimepata mashabiki.

Ijumaa, 7 Februari

Nimewahi ofisini kwa Mkuu kabla hajavua koti. Nikakiponda kitabu changu mwenyewe bila huruma. Nikasema sentensi zake hazina mwisho na mifano yake yote ni panya. Akanisikiliza, akasema ni mtu mkweli tu anayeweza kutaja kasoro za kitu anachokipenda. Nikaona mambo yanakwenda mrama, nikatoboa: kitabu hiki kilikuwa chini ya friji yangu! Akanishika bega. Akasema mwalimu anayeishi na kitabu mpaka jikoni ndiye aliyekuwa akimtafuta siku zote.

Nikakimbilia kwa Daktari Mpya. Alikuwa anasahihisha mitihani. Nikamwomba tuungane, yeye akipigie kura Kitabu Kinene, nami nitamkumbuka maisha yangu yote. Akaweka kalamu chini. Akasema mbinu yangu aliitambua tangu Jumatano, maana huifundisha mwaka wa tatu, na alikusudia kunianika mbele ya kamati. Ila jana amewasikia wale vijana. Akasema kwa kitabu chake wanafunzi hujibu maswali vizuri sana, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza lolote. Kura yake anakipa cha friji.

Nikamuuliza, na darasa je? Akasema, “Darasa ni lako, Mwalimu, hongera. Ila nakuomba kitu kimoja tu, usijifanye unakielewa.”

Ushauri wa ajabu. Nikifuata huo nitabaki na nini?

Kura zikapigwa. Nne kwa kitabu cha friji. Moja kwa Kitabu Kinene, nayo ilikuwa yangu. Mkuu akasimama, akasema jamani, mtazameni mtu mwadilifu, ameinyima kura hoja yake mwenyewe iliyokuwa inashinda! Wakanipigia makofi. Mkutubi akanikumbatia na kunipaka machozi kwenye kola.

Basi ukumbi nimeupata. Mihadhara nimeipoteza, yote, pamoja na mzaha wa mgonjwa. Jumatatu nitasimama mbele ya viti vile mpaka juu sina hata ukurasa mmoja. Naogopa. Sikuogopa hivi hata siku niliyokwenda kujieleza kwa wakwe.

Jumapili, 9 Februari

Nimeshinda na sentensi ya kwanza. Nimeisoma nikiwa nimekaa, nimeisoma nikiwa nimesimama. Inasema kwamba akili ni kitu ambacho kikitafutwa na chenyewe hujificha palepale kinapotafutia, na kuendelea. Sioni mlango wa kuingilia.

Nikaamua kuumwa. Hapo ndipo unapojua ubaya wa kuoa muuguzi. Mke wangu alinipima joto, akanipima shinikizo la damu, akaniangalia ulimi, akasema kesho kazini. Kisha akachukua kitabu kuona ni nini hicho kinachoniua. Akasoma ile sentensi kwa sauti huku akikunja nguo. Akasema labda maana yake ni kwamba mtu hawezi kujichunguza akiwa na haraka. Mama mkwe akadakia kutoka sebuleni kwamba si haraka, ni aibu. Mtu hujificha mwenyewe kwa aibu. Wakaanza kubishana, mama na mwana, nguo zikaachwa nusu.

Nikawaomba wanyamaze, kuna mtu anajaribu kusoma humu ndani.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeingia ukumbini, kitabu kwapani. Viti vyote vimejaa. Nikafungua kitabu, nikasoma sentensi ya kwanza mpaka mwisho. Nikainua macho. Binti wa miwani alikuwa ameshanyoosha mkono. Akauliza, samahani Mwalimu, hiyo maana yake nini?

Nikafungua mdomo nidanganye. Mimi ni hodari kwa hilo, Mungu ananijua. Hakikutoka kitu. Nikasikia mtu akisema “sijui”, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Binti akaliandika neno hilo kwenye daftari. Nikajua nimekwisha, nikaanza hata kukifikiria kile chumba cha nyuma ya jenereta na kujiuliza kama kina dirisha. Mara kijana wa safu ya juu kabisa, ambaye tangu muhula uanze nimemjua kwa usingizi wake tu, akasema yeye anafikiri anajua. Mwenzake akasema hajui lolote. Ukumbi ukawaka! Mikono ilikuwa kila upande. Mimi nilibaki kuelekeza tu, sasa wewe, sasa wewe kule. Nikasahau kuogopa. Nikasahau hata kutoa mzaha. Wakati fulani walicheka wote, nami nikacheka, na aliyechekesha hakuwa mimi.

Kipindi kilipokwisha wengine walinifuata mpaka nje. Yule msinziaji akaniuliza nakala nyingine ya kitabu itapatikana wapi. Mkuu alikuwa mlangoni, macho yamemlegea kwa furaha. Daktari Mpya alikuja kunipa mkono. Alinishika kwa mikono yake yote miwili, akasema leo amejifunza kitu.

Nimekaa sasa na kulitafakari jambo hili kwa utulivu, kama mwanasayansi. Matokeo ya uchunguzi: mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilitaka darasa, darasa ninalo. Walioingia njiani waliniongezea kazi tu. Nimegundua pia kwamba “sijui” ni silaha kali. Wiki ijayo nitaisema mara tatu, na nimeshaweka alama kwa kalamu nyekundu mahali pa kuisemea, pamoja na mahali pa kukuna kichwa.

Tena kwa nini nihangaike na vitabu vya wengine? Nimeazimia kuandika changu. Utangulizi wa saikolojia, kinene, kwa wanafunzi wa kila chuo. Sura ya kwanza nimeshaipa jina: Namna ya Kumfanya Mtu Achague Unachotaka Wewe. Mifano yote nitaitoa kwenye maisha yangu mwenyewe.