Kitasa cha Bafu la Milango Miwili

Wananchi wa Bungoma, pamoja na majirani zetu wa Kitale, mjulishwe kwamba nyumba ya wageni ya serikali, ninayoifagia tangu nikiwa na meno yote, sasa ina bafu salama kuliko benki.

Bafu hilo liko katikati ya vyumba viwili, na kila chumba kina mlango wake wa kuliingilia. Shida ilikuwa hivi: mgeni wa chumba cha kwanza anafunga mlango wa mwenzake ili aoge kwa amani, halafu anatokea kwake na kusahau kuufungua. Wa chumba cha pili anabaki na taulo kiunoni, akibishia hodi bafu tupu.

Serikali haidharau shida ndogo. Ikaunda Kamati ya Vitasa, mwenyekiti Bwana Wangila. Mimi niliwekwa humo kuwakilisha wazee, wanawake na chai.

Nilipendekeza kamba. Milango yote miwili hufungukia vyumbani, kwa hivyo ukiwa ndani unaunganisha vipini kwa kamba na hakuna anayeingia. Kutoka huwezi bila kuifungua, basi mwenzako hafungiwi. Bwana Wangila alinihurumia.

"Kukhu, hii ni serikali," akasema, maana kwetu bibi huitwa kukhu. "Kamba ni ya ng'ombe."

Tulienda Kitale siku tatu kutazama vitasa. Ritesh wa duka la vifaa vya ujenzi akatoa komeo mbili, akasema zinatosha. Kamati ikamshukuru, ikauliza kama hana kitu kigumu zaidi kueleweka. Akaleta kitasa ambacho ukifunga mlango mmoja, wa pili unajifunga wenyewe, na yote miwili inafunguliwa na ufunguo mmoja, kwa nje. Tulipiga makofi. Ritesh akauliza ufunguo atakaa nao nani. Mwenyekiti akatunga kanuni papo hapo: ukae kwenye sanduku ofisini, usitoke bila barua yenye sahihi yake. Tena pengo la chini ya milango lizibwe, watu wasichungulie.

Siku ya ufunguzi Mheshimiwa, mbunge wetu, alitarajiwa saa nne kuzindua bafu. Mwenyekiti alifika mapema, vumbi hadi kwenye kope, akaingia chumba cha kwanza kuoga. Chumba cha pili alikuwemo Mama Nabwile wa Webuye, mama mkwe wake, aliyekuja kuona wajukuu. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeagiza atafutiwe chumba hapa. Hakuuliza kipi.

Baadaye nikasikia mlango ukigongwa kutoka ndani ya bafu.

"Kukhu, lete ufunguo."

"Barua yenye sahihi iko wapi, bwana?"

"Sahihi ni yangu, na mimi niko huku."

"Basi ipitishe chini ya mlango."

Chini ya mlango tulikuwa tumeziba vizuri sana.

"Si uite fundi avunje ule mlango mwingine, huu ni wa kuzinduliwa na Mheshimiwa."

"Upande huo yuko Mama Nabwile."

Nikasikia sabuni ikimponyoka. Kisha Mama akakohoa kule kwake, akasema kwa heshima zote, "Kukhu, huyo mtu aambiwe mimi sijasikia sauti yake."

"Naye aambiwe sijasikia yake," akajibu Mwenyekiti.

King'ora cha Mheshimiwa kikalia barabarani.

"Nifungulie bana, nitatia sahihi baadaye."

"Ulitufundisha kwamba sahihi ya baadaye ni ufisadi."

Akapumua kwa nguvu. "Mama bado yuko?"

"Ametoka. Ameona si adabu kukaa karibu."

Hakuuliza ametoka kwenda wapi.

Dirisha la bafu linatazama nyuma ya nyumba, panapoanikwa nguo. Hapo ndipo Mama alikuwa amekwenda kujisitiri. Mheshimiwa naye, alipokosa wa kumpokea, alikuwa amezunguka nyuma na kumkuta, wakawa wanasalimiana. Mwenyekiti alitokea dirishani, akatanguliza miguu. Taulo likanaswa na msumari, likabaki ndani, yeye akaja. Mama alijifunika uso kwa shuka la serikali, nalo ndilo pekee lililokuwa limeanikwa.

Kondoo wa kumtuliza Mama alipelekwa Webuye siku hiyohiyo, bila kamati.

Juzi Bwana Wangila alikuja tena. Akasimama mbali na bafu, akatazama viatu vyake, akauliza ni kamba gani inayofaa.

Nikamwambia ya ng'ombe.