Presha Imeshuka, Msiba!

Jumatatu, 7 Aprili 1975
Palizi ya shamba la kijiji imeanza. Mimi simo! Nina presha. Tangu Februari Bwana Matayo, mganga wa zahanati, alinikataza mizigo mizito na kujikakamua, akaniambia nitembee taratibu kila asubuhi. Jembe hakulitaja. Nililiongeza mwenyewe nilipokuwa namweleza mwenyekiti. Leo nimepita kandokando ya mahindi na mkongojo, nikiwapa wenzangu pole ya kazi. Semboja, balozi wetu wa nyumba kumi, akauliza ni mgonjwa gani huyu anayenenepa. Wivu tu.

Jumatano, 9 Aprili
Msiba! Nimepimwa, presha imeshuka. Matayo akanipongeza mbele ya watu: matembezi yamenifaa, sasa hata palizi naiweza, mradi nisiende kwa pupa na nikichoka nipumzike. Semboja alikuwa kwenye foleni, kaja kutibiwa jino. Akasahau jino, akacheka! Ningejua nisingetembea. Ijumaa napimwa tena. Ikiwa bado iko chini, Jumamosi nashika jembe.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimepata akili. Kama kwenda taratibu kunaishusha, kwenda mbio kutaipandisha. Kesho alfajiri napanda kilima na gunia la mahindi kichwani. Hajira, mke wangu, kauliza kwa nini nimemaliza papa wa chumvi peke yangu. Nikamwambia ni maandalizi.

Ijumaa, 11 Aprili
Sikufika hata nusu ya kilima. Kichwa kikagonga, macho yakaingia giza, nikaenda chini, gunia juu yangu. Niliogopa kufa, nasema kweli. Watu wakaacha palizi, wakanibeba kwa kitanda mpaka zahanati. Aliyeshika mguu wa mbele nani? Semboja! Jasho linamtiririka. Niliona haya. Hajira alilia mpaka sauti ikamkauka. Matayo akapima, akarudia, akanifokea kwamba mwenye presha hakimbii mlima na gunia, nimeponea chupuchupu. Lakini imepanda!

Jumatatu, 14 Aprili
Mwenyekiti na Matayo wameshauriana. Nitatembea, tena taratibu, lakini ndani ya shamba la kijiji, nikilinda mahindi yasiliwe na nyani huku wote wananiona. Ikishuka tu, jembe. Semboja kajitolea kunisimamia. Hajira kaniapisha nisibebe gunia tena maisha yangu yote. Nimeapa, na machozi yalinitoka. Gunia, kamwe! Debe hakulitaja. Jioni nimekwenda kuazima moja.