Fidia ya Mafuriko Tuliyoyafagia

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Njia ya Kimbiji.
2 Julai, 1975.

Ndugu Afisa wa Maafa,

Pokea salamu za heshima, na baada ya salamu, lawama. Masika haya maji yalibeba mihogo yetu yote, mpunga, na choo cha mwenyekiti. Serikali ikatangaza fidia kwa mashamba yaliyoharibika, nasi tukashukuru. Hadi leo hatujaona hata punje ya mbegu, na kosa zima ni la afisa wako, ndugu Adelard, aliyekuja kukagua. Nathibitisha:

1. Alitoa taarifa wiki nzima kabla. Sasa mtu akikuarifu kuwa anakuja, utampokea kwenye uchafu? Tulifagia tope, tukapaka nyumba chokaa, tukapanda hadi kijiji cha mlimani kukata migomba, tukaisimika shambani ili mgeni asione aibu yetu. Nyanya tulizitoa sokoni Temeke, mke wangu Chausiku akazifunga kwa uzi kwenye vichaka. Adelard alichuma moja ikatoka na uzi wake, akatusifu kwa kilimo cha kisasa.

2. Alituuliza habari za mafuriko. Tukajibu ni njema, kama watu waliolelewa. Kila mtu anajua kwamba jibu la kwanza ni la adabu tu. Unauliza tena, na tena, ndipo mwenzio akwambie kuwa amefiwa. Yeye akaandika "njema", akafunika kalamu. Sijui kwao wanaulizana mara ngapi.

3. Kuku. Tulibakiwa na mmoja, aliyenusurika juu ya paa. Maji yalishindwa kumuua, ukarimu ukaweza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, akala mapaja yote mawili, na sisi hatujapona.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kijiji cha mlimani, ambako maji hayakufika hata kwa kupotea njia, kimepewa fidia. Adelard alikuta visiki vya migomba, akatokwa na machozi. Ndugu, visiki vile ni kazi yetu, kwa mapanga yetu na jasho letu, lakini fidia wamekula wao. Sisi tumepewa bendera ya Kijiji cha Mfano, tena tumetakiwa tuchange mihogo ya kuwasaidia wahanga wa mlimani.

Bendera haipikiki. Vuli inakuja na hatuna mbegu. Binti yangu Tabu ameniuliza kwa nini tunakunywa uji wa pumba ilhali sisi ndio mfano, nikamwonyesha bendera.

Kwa hiyo tunaomba afisa mwingine, atakayekuja bila taarifa, asiyeamini anachoambiwa, na ikiwezekana asiye na adabu kabisa.

Wasalimie wote ofisini, na Adelard pia. Bi Sesilia, jirani yangu, anakusalimu wewe na watoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfaume Mwinshehe,
kwa niaba ya wakulima wenzangu.

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, tarishi ameleta habari kwamba Jumamosi unakuja mwenyewe kukagua. Tumefurahi mno. Vijana wameshapanda mlimani kukata migomba mipya, maana ile ya kwanza imenyauka, na Bi Sesilia amemfunga mbuzi wake wa kukuchinjia. Njia tunaimwagia mchanga usichafue viatu. Na kuhusu mafuriko usijisumbue, ndugu. Yalikuwa maji kidogo tu.